Mizani ya Mpira wa Vijana Ishikwe na Nani?

Msimu wa pamba unapokaribia mwisho katika nchi ya Usukuma, na magunia yakiwa yamekwisha kupelekwa katika maghala ya vyama vya msingi, ndipo vijana wapatapo nafasi ya kucheza. Ndivyo ilivyokuwa zama za babu zetu, wakati Bagika na Bagalu waliposhindana ngoma mbele ya umati wa watu, na umati wenyewe ukawa ndio mwamuzi. Ndivyo ilivyo hata leo, ila leo ngoma imepata mwenziwe, naye ni mpira wa miguu. Mtu apitaye jioni Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega hakosi kuona vumbi likipaa juu ya uwanja wa shule, na watoto wasio na viatu wakikimbilia mpira mmoja kana kwamba ndani yake mmefichwa riziki ya nyumba zao zote.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.5 katika mkoa huo. Ilipofika sensa ya mwaka 2022 walikuwa wamepita milioni 2. Wengi wa hao ni watoto na vijana. Basi mtu asemaye kwamba michezo ya vijana wa Simiyu ni jambo dogo, la kupitishia jioni tu, huyo hajahesabu watu wake vizuri. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa medali ya dhahabu ya mbio za marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo, taifa zima lilishangilia. Lakini bingwa hazaliwi Tokyo. Huzaliwa kijijini, katika uwanja wa vumbi, na huko ndiko tunakotaka kumpeleka msomaji wetu leo.

Siku hizi wamezidi kutokea watu na vyama wasemao kwamba wamekuja kuwasaidia vijana kwa njia ya michezo. Wengine ni wana wa hapa hapa waliofanikiwa mijini, wengine ni wageni kutoka Ulaya na Marekani, wengine ni walimu wenye moyo, na wengine ni watu wanaotafuta kura. Huleta mipira, jezi, vikombe na ahadi. Hatuwalaumu kwa kuleta. Mwenye njaa hamwulizi mpishi kabila lake. Neno letu ni juu ya kile kinachofuata baada ya picha kupigwa na mgeni kuondoka. Fedha zilizoombwa kwa jina la watoto hawa, nani azishika? Nani aamua zitumike vipi? Na mtoto mwenyewe, ambaye sura yake imepelekwa ng'ambo ili fedha zije, amepata kuulizwa neno lo lote?

Sisi tunaoandika haya tuna kovu letu. Tulipokuwa wanafunzi, katika shule ambayo hatutaitaja, tuliambiwa tuchange fedha za kununua mpira wa ngozi. Tulikuwa tukicheza chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba, na habari ya mpira wa kweli ilitunyima usingizi. Wengine waliuza mayai, wengine walichuma pamba ya jirani kwa ujira. Fedha zikakusanywa, majina yakaandikwa katika daftari. Mpira haukuja. Hatukuambiwa fedha zimepotea, wala hatukuambiwa zipo. Na jambo lililotuuma kuliko kukosa mpira ni hili, kwamba hapakuwa na mtu mmoja aliyefikiri kwamba watoto wa miaka 12 wanastahili kupewa jibu. Baadhi ya wenzetu wa siku zile hawajatoa mchango wo wote kwa moyo mweupe tangu hapo. Ndivyo fedha kidogo zisivyo na hesabu zinavyoweza kuharibu kitu kikubwa kuliko fedha zenyewe.

Wasomaji wetu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa na mtu juu ya jambo hili, kwa maana wanayo historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wakinung'unika kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi. Wakajikusanya, wakaweka watu wao wa kuitazama mizani wakati wa kupima. Kutoka katika jicho hilo la kutazama mizani vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, na ambalo baada ya muda mfupi lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Hiyo ni fahari ya watu wa Ziwa, nasi twaitaja kwa furaha.

Lakini historia haikuishia hapo, na msomaji mwaminifu hufungua ukurasa wa pili. Mwaka 1966, miaka 11 tu baadaye, ilibidi iundwe Tume Maalumu ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika nchini, kwa sababu wakulima walikuwa wakilalamika tena, na safari hii walilalamikia viongozi wao wenyewe. Tume ilikuta watumishi wasio waaminifu, wanachama wasiojua mambo ya chama chao, uhaba wa watu wenye ujuzi, na siasa kuingilia kazi ya biashara. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Fundisho lake ni wazi. Mizani ya mgeni ilihitaji jicho la mkulima, na mizani ya ndugu nayo ilihitaji jicho lile lile. Kusema "chama hiki ni chetu" hakutoshi, ikiwa wenye chama hawajui kilichomo sandukuni.

Sasa tuirudie michezo. Watu wengi hawajui kwamba sheria za nchi zimekwisha kuliwekea jambo hili njia. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967, na vilabu na vyama vya michezo huandikishwa kwa msajili wa vyama vya michezo. Lakini chama kinachoomba fedha za hisani ili kuwasaidia vijana kwa njia ya michezo, mara nyingi huandikishwa kama shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, ambayo ilirekebishwa mwaka 2019. Sheria hiyo yataka shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kadhalika shirika la namna hiyo haliundwi kwa ajili ya kuwagawia faida waanzilishi wake. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza hesabu haonyeshi uadui wala wivu. Anauliza jambo ambalo sheria imekwisha kulitamka.

Tatizo ni kwamba taarifa hizo hupelekwa kwa msajili, na huandikwa kwa ajili ya mfadhili, pengine kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mzazi wa Itilima hazioni. Karatasi imetimiza sheria, lakini haijamfikia mwenye mtoto. Tuseme, kwa mfano tu, chama kimepata shilingi milioni 10 kwa ajili ya mpira wa wasichana na wavulana. Milioni 4 zikaenda katika safari na posho za semina, milioni 3 katika kodi ya ofisi na mishahara, milioni 2 katika fulana zenye jina la mfadhili na chakula cha siku ya uzinduzi. Milioni 1 iliyobaki ndiyo iliyofika uwanjani. Hapana mtu aliyeiba hapo. Kila senti ina stakabadhi yake, na mkaguzi atapitisha. Hata hivyo watoto wamepata kikombe kimoja kati ya ndoo nzima. Hesabu ya namna hii haikamatwi na polisi, hukamatwa na wanachama wanaokaa katika mkutano na kuuliza, "Kwa nini semina imekula kuliko uwanja?"

Je, yawezekana vijana wenyewe kusimamia mambo yao? Wako wanaocheka wakisikia hivyo. Na waende wakatazame kwa majirani zetu wa Nairobi. Mwaka 1987, katika mitaa ya mabanda ya Mathare, Mkanada aitwaye Bob Munro pamoja na vijana wa hapo walianzisha chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kwa herufi MYSA. Walianza na mipira na takataka, yaani timu iliyofanya usafi katika mtaa wake ilipewa pointi katika ligi, juu ya zile za kushinda mechi. Vijana walichaguana katika kanda zao, na waliochaguliwa wakakaa katika mabaraza yaliyoamua mambo ya michezo na ya huduma kwa jamii. Kijana aliyejitolea vizuri alipata msaada wa karo, na fedha hizo zililipwa moja kwa moja kwa shule yake. Tazama busara ya jambo hilo dogo: fedha hazikupita katika mkono wa kocha, wala wa mjomba, wala wa kijana mwenyewe. Mwaka 2003 chama hicho kilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel, na klabu iliyotoka kwao, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Hata hapa Kanda ya Ziwa tunao mfano wa kututia moyo. Katika Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani lililochezwa Durban mwaka 2010, Tanzania ilifika fainali ikashindwa na India. Mwaka 2014, huko Rio de Janeiro, vijana wetu waliotoka katika kituo cha michezo cha watoto wa mitaani mjini Mwanza waliishinda Burundi 3-1 katika fainali, wakarudi na kombe. Watoto ambao jana watu waliwapita wakiwaziba pua, ndio walioimbiwa wimbo wa Taifa Brazil. Mwenye kudharau fedha za michezo ya watoto na akumbuke hilo.

Na Wasukuma wana mfano wa kale zaidi. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kazi, na mkuu wao, nsumba ntale, alipata cheo hicho kwa kukubaliwa na vijana wenzake. Walipolima shamba la mtu, ujira wao, aghalabu mnyama au chakula, uliliwa pamoja, na aliyelima aliona kwa macho yake kilichotolewa na kilichogawanywa. Hapakuwa na mkaguzi wa hesabu, kwa kuwa kila mlaji alikuwa mkaguzi. Basi atakayesema kwamba kuwapa vijana sauti katika chama chao ni mtindo wa kizungu, atakuwa amewasahau babu zake.

Tuonye pia juu ya hatari ya upande wa pili. Wako wenye moyo mwema kabisa, wasiogusa senti ya mtu, lakini hawajui kuweka akiba. Huko Uingereza shirika la Kids Company, lililohudumia watoto na vijana wa London, lilifungwa Agosti 2015, siku chache baada ya kupokea pauni milioni 3 za serikali. Mahakama Kuu ya huko, katika hukumu ya mwaka 2021, haikuwaona wadhamini wake kuwa watu wasiofaa. Walakini tume inayosimamia mashirika ya hisani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, ilisema palikuwapo uendeshaji mbaya. Shirika lilikuwa limeishi kwa kutegemea fedha za kesho kulipa madeni ya leo, na fedha za kesho zilipochelewa, watoto waliokuwa wakilitegemea walikuta mlango umefungwa. Ikiwa hayo yaliweza kutokea London, mahali penye mabenki na wanasheria, sembuse Bariadi, mahali ambapo mfadhili mmoja akibadili nia ligi nzima hufa katika wiki moja?

Kwa hiyo swali la fedha ni swali la uhai wa chama. Zipo njia za nyumbani ambazo hazijatumiwa vya kutosha. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/22 serikali iliamua sehemu ya mapato yatokanayo na kubahatisha matokeo ya michezo, asilimia 5, iende katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Wananchi wana haki ya kuuliza kiasi gani cha mfuko huo kinafika mikoa ya pembeni. Ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa sheria ya mwaka 2018 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Hapa twaonya, kwa kuwa baadhi ya vilabu hudhani hizo ni fedha za jezi. Hizo ni mikopo ya kazi za uzalishaji, na hurudishwa. Mwaka 2023 ilisimamishwa kwa sababu ya kasoro za usimamizi, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Lakini vijana wa klabu wakijiunga kama kikundi cha kufyatua matofali au kufuga kuku, wakakopa, wakarejesha, na wakaamua wenyewe kuipa klabu yao sehemu ya faida, watakuwa wamepata fedha isiyokuwa na bwana.

Sasa tuseme neno ambalo baadhi ya wakubwa hawatalipenda, nasi twalisema kwa sababu gazeti la chama lisilosema na watu wake mwenyewe halina kazi. Kila uchaguzi unapokaribia, huchipuka vikombe vyenye majina ya watu. Ng'ombe hutolewa, jezi hugawanywa, spika hupiga kelele siku nzima. Uchaguzi ukiisha, kombe limekwisha, na nyavu zimechakaa. Sisi hatusemi kiongozi asitoe. Atoe sana. Lakini atoe kwa chama cha vijana chenye katiba, apewe stakabadhi, jina lake liandikwe katika daftari pamoja na jina la bibi aliyetoa debe la mahindi, na kombe liitwe kwa jina la kijiji. Kiongozi anayewapenda vijana hataona uchungu. Atakayeona uchungu, tumejua alikuja kununua nini.

Mashauri yetu ni machache, na kila chama cha michezo ya vijana mkoani Simiyu chaweza kuanza nayo pasipo kungoja mtu wa Dodoma.

Kwanza, katiba iandikwe kwa Kiswahili chepesi, isomwe mkutanoni kwa sauti, na vijana wachezaji, wavulana na wasichana, wawe na viti vyao vya kuchaguliwa katika kamati. Uongozi uwe na muda wake wa kuisha, hata kwa mwanzilishi. Anayezaa mtoto hamiliki miguu yake.

Pili, mwenyekiti asiwe mtunza fedha, na fedha zisitoke benki pasipo sahihi za watu wawili ambao si mke na mume, wala ndugu, wala mwajiri na mtumishi wake.

Tatu, kila baada ya miezi 3 karatasi moja ibandikwe katika ukuta wa ofisi ya kata na wa shule: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Karatasi moja tu, kwa herufi kubwa. Hiyo ndiyo mizani yetu.

Nne, katika kila fedha ya mfadhili sehemu itengwe kuwa akiba, na wananchi nao watie mchango wao, kama si fedha basi kazi ya kusawazisha uwanja na kuchimba choo. Kitu ulichokitolea jasho hukiachi kife.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, watoto walindwe. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ipo. Pasiwe na kocha wa kusafiri peke yake na mtoto, wala wa kumwahidi binti nafasi katika timu kwa masharti ya siri. Pawepo mama mmoja katika kila kamati ambaye watoto wanamjua, na ambaye wakimwambia neno atalipeleka mbele. Chama chenye hesabu safi na watoto wenye hofu ni chama kilichoharibika.

Hapana budi tujibu hoja moja tunayoisikia mara kwa mara. Husemwa kwamba masharti mengi yatawakimbiza watu wema, na kwamba mwalimu aliyenunua mpira kwa mshahara wake akidaiwa hesabu atakata tamaa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nasi hatuipuuzi. Mwalimu aliyetoa mpira wake mfukoni hadaiwi kitu ila ashukuriwe, na aseme mtu kwa Kisukuma, "Wabeja!" Lakini siku mwalimu huyo huyo atakapowaandikia watu wa mbali kwamba ana watoto 200 maskini wanaohitaji msaada, siku hiyo fedha zitakazokuja si zake tena. Ni za watoto 200. Amekuwa wakili, na wakili kazi yake ni kutoa hesabu. Mtu mwema hulindwa na hesabu, maana siku ya uvumi karatasi iliyo ukutani itamsemea akiwa amelala.

Tunawaomba ndugu zetu wafanyakazi, walimu na viongozi wa matawi huko Bariadi na wilaya jirani, msimu huu waende uwanjani. Wasiende kutazama mpira tu. Wamtafute kijana mmoja aliyevaa jezi, wamwulize maswali mawili: jezi hii imetoka wapi, na nani alikuuliza kama mnataka jezi au mnataka nyavu? Akijua kujibu, mshukuruni Mungu, chama hicho kina wenyewe. Asipojua, hapo kazi imewangoja, na msiondoke kabla ya kuuliza daftari liko kwa nani.